Kifutio Changu Dhidi ya Mji wa Wetherholt

Jumatatu, 6 Oktoba

Nyota mbili. Mbili! Msomaji mmoja wa Leeds ameandika mtandaoni kwamba nyota ya kwanza anaipa jalada la riwaya yangu, na ya pili anampa mtu wa posta kwa kuwahi kukileta kitabu. Nimeyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama. Nimeyasoma nikiwa nimekaa. Hayabadiliki.

Chini yake kuna mwingine. Alisubiri mtu afe, hakufa mtu, akakaribia kufa yeye. Wa tatu ametoa nyota tano. Nikaruka! Kumbe anasifu unene: kitabu kinazuia vizuri dirisha lake la bafuni lisijifunge.

Hawa ndio watu niliowaandikia. Miaka minne ya ujana wangu! *Tope la Machi* ni riwaya ya mwanamke aliyesimama kando ya mto mchana mmoja, akilifikiria koti la marehemu mama yake. Basi. Hakuna maiti, hakuna polisi, hakuna harusi. Kuna sura nzima juu ya kifungo kimoja cha koti. Sura hiyo ndiyo moyo wa kitabu. Mhakiki wa gazeti moja kubwa la London aliliona hilo. Aliandika hivi: "Mwandishi huyu anakataa katakata kumfurahisha msomaji." Nimeikata sentensi hiyo na kuibandika juu ya kitanda changu. Mama (wangu yuko hai, yuko jikoni) anasema hizo si sifa. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mhakiki wa pili aliandika kwamba kunisoma ni kama kusubiri basi pamoja na mtu mwenye elimu nyingi. Huyo sikumbandika popote.

Saa ya chai akapiga simu mhariri wangu, Cosima. Alinieleza, kwa sauti ya daktari wa meno, kwamba wahakiki hawanunui vitabu, hupewa bure. Kama nataka riwaya yangu ya pili itoke, lazima awaone wasomaji wa kweli, wamekaa kwenye viti, wananisikiliza kwa hiari yao. Nikamwambia hilo halina shida. Usiku wa kufungua Tamasha la Vitabu la Wetherholt, mwezi ujao, ni wangu. Mimi ni mzaliwa wa hapa! Akasema vizuri sana, atakuja kwa treni.

Si wangu bado. Chama cha wasomaji cha maktaba yetu kitaupigia kura Alhamisi. Ni mimi au Davina Lockwood, ambaye katika kila riwaya yake mwoka mikate humgundua muuaji kabla ya polisi. Ameandika kumi na nne. Mwoka mikate huyo hajawahi kuuliza swali moja la maana kuhusu kuishi. Anauliza tu nani aligusa kisu.

Nimekataa kula chakula cha jioni. Kisha nimekula.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango! Nimejiunga na chama cha wasomaji.

Kuna kikwazo kidogo. Sheria yao haimruhusu mwandishi anayepigiwa kura kuingia mkutanoni. Kwa hiyo sikuingia mimi. Aliingia Margaret. Kwenye picha iliyo nyuma ya kitabu nimeachia nywele, natazama mbali, napata uchungu. Margaret amefunga nywele, ana miwani ya Mama, na anatabasamu. Nilijitazama kwenye kioo na sikujitambua. Ni kweli pia kwamba kwa miwani ile sikukiona kioo vizuri.

Nilijikwaa kwenye zulia la maktaba. Waliniinua kwa adabu.

Mwenyekiti ni Bi Enid Cawthorne, mwalimu mstaafu, mgongo umenyooka kama rula. Yupo Bwana Wilfred Tasker, aliyekuwa akiwapigilia farasi viatu vya chuma kwatoni kabla mgongo haujamkataa. Mjane. Haongei. Wapo dada wawili wa ukoo wa Metcalfe, wazee, ambao humaliziana sentensi. Na yupo Beryl Sugden, aliyekuwa akitugawia chakula shuleni miaka yote ya udogo wangu. Alinitazama usoni kabisa. Hakunikumbuka! Watoto tulikuwa wengi.

Mkutubi, Bwana Prosser, aliwasha birika. Kila mwanachama ana kikombe chake chenye jina, kimening'inia ukutani kwenye msumari. Mgeni hupewa kikombe cha mgeni, chenye picha ya daraja. Mwenye kikombe cha daraja hapigi kura. Hilo sikulijua. Basi nitashinda kwa hoja.

Wakazungumza kuhusu kitabu changu. Mungu wangu. Beryl alisema kina maneno mengi na inaonekana wazi kwamba yote yalichaguliwa. Bi Cawthorne alisema kinahitaji subira, kama kutembea na mbwa mzee. Dada wa kwanza aliuliza kwa nini yule mwanamke haendi nyumbani, na wa pili akamalizia, "wakati mvua inanyesha na koti analo!" Bwana Tasker alitazama chai yake. Hakusema hata neno moja. Ukimya wake uliniuma kuliko yote. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyechoshwa hadi kwenye mifupa.

Margaret akasimama. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilisema mwandishi huyu ni kipaji cha kizazi chetu, kwamba kifungo kile si kifungo bali ni Uingereza yenyewe, na kwamba anayesubiri maiti akasubiri hospitali. Nilipomaliza, wote walikuwa wameinamisha macho. Wameguswa! Dada mmoja alikoroga chai isiyo na sukari.

Ndipo Beryl akasema, "Kaa ule keki, mpenzi wangu." Akanikatia kipande, akazitoa zabibu kavu moja moja kwa ncha ya kisu kabla ya kunipa. Mimi huzichukia zabibu kavu tangu utotoni. Bahati ya ajabu.

Hawajashuku kitu.

Jumatano, 8 Oktoba

Hasira yangu leo ni safi kama maji ya chemchemi. Nitaeleza.

Nilikwenda maktaba peke yangu (Margaret, miwani, nywele) kuzitazama nakala za *Tope la Machi*. Zipo tatu, kwenye rafu ya waandishi wa mji. Nilitaka tu kuziweka mbele ya vitabu vya Davina. Nikafungua moja.

Ukurasa wa saba, kona ya chini: mchoro mdogo wa penseli. Mdomo wazi. Mdomo unaopiga miayo!

Nikafungua nakala ya pili. Ukurasa wa kumi na tisa: duara. Sifuri! Mtu amenipa sifuri, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Nakala ya tatu, ukurasa wa thelathini na moja: msalaba, kama ule wa mwalimu kwenye jibu lisilo sahihi.

Nilikaa sakafuni kati ya rafu ya Safari na rafu ya Bustani. Nikaelewa kila kitu. Ndipo walipoishia! Mmoja alichoka ukurasa wa saba, mwingine wa kumi na tisa, na shujaa wao akafika thelathini na moja kisha akaanguka. Kifungo kinaanza ukurasa wa arobaini. Hakuna mtu katika mji huu aliyekifikia kifungo! Wakaacha hukumu zao humohumo ndani, ili anayefuata afungue, aone miayo, sifuri na msalaba, na akirudishe kitabu rafuni. Hawa watu wanaosema "samahani" ukiwakanyaga wewe. Hawathubutu kukuambia usoni. Wanakwenda kukuua kwa penseli, ukurasa wa saba, pembeni, kwa herufi ndogo.

Msomaji wa Leeds ninamheshimu sasa. Ana sumu lakini anaitema hadharani.

Nilivuka barabara nikanunua kifutio. Nikarudi, nikafuta. Nilifuta miayo. Nilifuta sifuri. Msalaba ulikuwa umekandamizwa, ukanisumbua, lakini niliufuta hadi karatasi ikawa laini kama kope. Kesho wakifungua nakala zangu watakuta ukurasa usio na hukumu. Waniogope!

Bwana Prosser alipita, akaona vumbi la kifutio kwenye zulia. Akaniuliza kama Margaret amepata anachotafuta. Nikasema ndiyo, asante. Akaenda, akarudi na kibrashi kidogo, akafagia kuzunguka magoti yangu, akaondoka. Mtu mwema, ila mzito wa kuelewa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika kabla sijavua koti.

Bi Cawthorne alifungua mkutano kwa kuisema vibaya baridi, kama inavyotakiwa. Akasoma sheria: anayepiga kura ni mwenye kikombe, na awe amekisoma kitabu hadi mwisho. Bwana Prosser akaleta nakala zote mezani. Sikuelewa za nini.

Kwanza Davina. Mikono miwili ya dada wa Metcalfe. Nilijua.

Kisha *Tope la Machi*. Ukapanda mkono wa Beryl. Ukapanda wa Bi Cawthorne. Halafu, polepole, kama mtu anayenyanyua nyundo, ukapanda wa Bwana Tasker. Mikono mitatu! Mitatu kwa miwili! Nilibana kikombe cha daraja nisipige kelele. Nilimwona Cosima kwenye kiti cha mbele. Nilijiona jukwaani, jagi la maji kando yangu.

Bi Cawthorne akasema haya, tuangalie alama.

Alama gani?

Akanigeukia kwa upole. "Wewe Margaret mgeni. Sisi wazee tunasoma vitabu vingi mno, mwisho vyote vinakuwa supu moja. Ndiyo maana mtu akimaliza kitabu anaweka alama yake, ukurasa wake uleule siku zote, asije akakiazima tena bure. Mimi msalaba. Beryl duara. Wilfred kiatu cha farasi."

Kiatu cha farasi: chuma kilichopinda, wazi upande mmoja. Si mdomo. Si miayo.

Damu yote ilinishuka hadi kwenye soksi.

Walifungua nakala. Ukurasa wa kumi na tisa, mweupe. Beryl akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Alisema analikumbuka koti, anamkumbuka mama mtu, lakini duara halipo, basi hajakisoma. Dada mmoja akamwambia makoti ni mengi duniani, Beryl. Mkono ukashuka. Bi Cawthorne alisema yeye anakumbuka vizuri kabisa kwamba alikimaliza. Ila juzi alikumbuka vizuri kabisa pia kwamba amezima jiko. Na sheria aliitunga mwenyewe. Mkono ukashuka.

Bwana Tasker aliuinua ukurasa wa saba kwenye mwanga wa taa. Aliugusa kwa kidole gumba. Kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake, na ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Alisema ilikuwapo sura kuhusu kifungo. Alipoifikia alikiweka kitabu chini, akaenda kusimama nyuma ya mlango, linakoning'inia koti la marehemu mkewe, akakishika kifungo cha juu. Alisimama pale hadi chai ikapoa. "Au labda niliota," akasema. "Kama ningekisoma, ningeweka kiatu."

Mkono wake ukaanza kushuka. Sikuweza.

Nikapiga kelele kwamba amekisoma! Kiatu kilikuwapo! Ukurasa wa saba, kona ya chini!

Kimya. Si kimya cha kawaida. Kimya cha Wetherholt, ambacho unasikia kijiko kikiwekwa kwenye kisosi nyumba ya tatu. Bi Cawthorne akauliza Margaret amejuaje. Nikasema nilikiona jana. Akauliza sasa kimekwenda wapi. Bwana Prosser akatazama kibrashi chake.

Beryl akanisogezea sahani. "Kula keki, Tamsin."

Tamsin! Jina langu halisi!

Walijua. Walijua tangu mlangoni. Beryl alinigawia viazi miaka sita, akanitolea zabibu kavu kwenye kila kipande cha keki nilichowahi kula shuleni. Bi Cawthorne alifundisha chumba cha pili kutoka kwa Mama, na miwani ile anaijua kuliko ninavyoijua mimi. Niliwauliza kwa nini hawakusema! Dada wa kwanza alisema nilikuwa nimeshajitambulisha kama Margaret, na wa pili akamalizia, "na mtu hamsahihishi mgeni jina lake mwenyewe."

Nikasema basi, kama mnajua, hesabuni mikono! Mmesikia wenyewe! Bi Cawthorne alisikitika kwelikweli, nitamkubalia hilo. Lakini alama hazipo, na mwandishi yumo chumbani. Davina kura mbili, mimi sifuri.

Walinifungia keki iliyobaki nije nayo nyumbani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimerudi maktaba na uso wangu mwenyewe. Nimefungua vitabu vya watu wengine. Msalaba, duara, kiatu. Msalaba, duara, kiatu. Kwenye mapenzi, kwenye vita, kwenye kitabu cha kufuga nyuki. Ukuta mzima umejaa alama za watu waliofika mwisho, na mimi nimezifuta za kwangu tu.

Mama anasema nimefuta kura zangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa hesabu hupunguza kila kitu hadi kibaki kidogo.

Ninakataa. Kosa ni la nchi. Ni nchi gani hii ambamo mtu anasimama nyuma ya mlango ameshika kifungo kwa sababu yako, kisha Jumanne anakaa mbele yako anatazama chai? Angesema! Neno moja! Mhakiki wa London aliandika safu nzima na hakushika kifungo chochote. Bwana Tasker alishika kifungo na hakuandika kitu, isipokuwa kiatu cha farasi, kidogo, kwa penseli, kwa ajili yake mwenyewe.

Nimekaa na jambo hili asubuhi nzima. Kwamba ilikuwapo jioni moja, katika nyumba moja ya mji huu, ambapo chai ilipoa. Nusura nifurahi.

Kisha Cosima akapiga simu. Amesikia habari. Anakuja usiku wa ufunguzi hata hivyo, tiketi ya treni hairudishwi. Angependa nimtambulishe kwa Davina. Amesoma riwaya mbili za yule mwoka mikate wiki hii na hajalala. Kuhusu riwaya yangu ya pili, alisema tuone. Kwetu "tuone" maana yake ni kaburi lenye maua.

Nimeurushia ukuta kifutio. Kimenirudia kichwani.

Jumapili, 12 Oktoba

Bwana Tasker amebisha mlango akiwa na kofia mkononi na kitabu changu kwapani. Amekisoma tena. Chote! Amekisoma Ijumaa na Jumamosi, ili awe na uhakika.

Nilimkalisha. Nikammiminia chai, nusu kikombeni, nusu kisosini. Nikamwuliza kuhusu kifungo.

Akafikiri. Akasema safari hii aliona sura ile ni ndefu kidogo.

Ndefu! Kidogo!

Alisema labda ni kwa kuwa safari hii alijua inakuja. Aliisubiri, ikaja, akaitazama tu. Tena aliona kosa: kifungo cha aina ile hakishonwi kwa uzi mmoja. Mkewe alikuwa mshonaji. Akaniambia pole, binti. POLE! Machozi ya mtu yule yalikuwa mali yangu, na nimemlazimisha arudi ayakague.

Alinionyesha ukurasa wa saba. Ameweka kiatu chake upya, kwa kalamu ya wino.

Mama aliona kumbe mzee ni mchangamfu. Walizungumza kuhusu jiko lake hadi saa ya chakula. Mimi nilikaa ngazini na kufikiri.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeona mwanga!

Kosa langu lilikuwa dogo na la kiufundi. Kifutio kilikuwa chombo kisicho sahihi. Chombo sahihi ni penseli.

Fikiria. Hawa wazee wanaiamini penseli kuliko akili zao. Alama haipo, hawajakisoma, hata kama waliacha chai ikapoa. Basi alama ikiwapo, wamekisoma! Tena bila kukisoma, kwa hiyo hawakuchoka, kwa hiyo hawana la kulalamikia. Ndiye msomaji niliyemtafuta miaka yote hii.

Mji wa Skelby, vituo viwili kwa basi, una tamasha lake la vitabu wakati wa masika. Una maktaba. Una nakala mbili za *Tope la Machi*, safi kabisa, hazijaguswa (la kusikitisha, lakini leo linanifaa). Una chama cha wasomaji chenye vikombe ukutani. Nimemwambia Cosima asikate tamaa, Skelby inanisubiri. Akasema tuone, lakini nilisikia tofauti katika sauti yake.

Nilikwenda asubuhi. Nilikagua vitabu vyao vingine. Wana samaki, wana nyota, wana herufi H yenye mkia. Nimeviiga vyote kwenye nakala zangu, kila kimoja kwenye ukurasa wake. Samaki wangu ni mzuri kuliko wao. Mchana nikaingia mkutanoni. Jina langu ni Dorothy. Nimevaa kofia ya Mama ya mazishi.

Mwenyekiti wao, Bwana Ogden, alinishika mkono kwa muda mrefu. Akanitazama, akaitazama rafu ya waandishi wa wilaya, ambako kuna picha yangu kubwa kiasi, akanitazama tena. Akasema karibu sana, Dorothy. Alisema ameongea na rafiki yake wa Wetherholt kwa simu asubuhi ya leo, mama mmoja anayeitwa Beryl, na huko kwao kunanyesha. Akanivutia kiti.

Walinipa chai kwenye kikombe chenye picha ya kanisa. Walinipa keki. Kila mtu alikuwa na zabibu kavu kwenye kipande chake isipokuwa mimi. Bahati yangu na keki ni kitu cha kushangaza.

Hawajashuku kitu.